Ukienda Llandudno, anza na mlima

Wengi wakifika Llandudno, kaskazini mwa Wales, hukimbilia gati. Sawa, ni zuri: lilifunguliwa 1877 na linaingia baharini karibu mita 700. Lakini gati halina haraka. Anga ikiwa safi asubuhi, panda kwanza mlima wa Great Orme, maana ukungu ukishuka huko juu hutaona kitu.

Kuna tramu ya mwaka 1902, inayovutwa na kebo. Katikati ya njia unashuka na kupanda nyingine, kwa hiyo usidhani umeshafika. Majira ya baridi haifanyi kazi. Kileleni ni mita 207 tu, ila upepo wake si mchezo. Beba koti hata Julai. Angalia pia mbuzi wa Kashmiri wenye pembe ndefu, walewale waliozurura mitaani 2020 watu walipojifungia ndani.

Watoto wakitaka mchanga, wapeleke West Shore. Ufukwe mkuu wa North Shore umejaa kokoto. Na chipsi zako uzile ukiwa umeegemea ukuta, mkono juu ya pakiti. Shakwe wa pale hawaombi.