Toka Kituku hadi Bulengo kwa miguu: somo la siku moja

Panga safari hii ya kandokando ya Ziwa Kivu, Goma, toka soko la Kituku hadi Bulengo, kwa kuangalia mwezi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi wengi hulala nyumbani. Chagua siku za giza, na uulize kwanza hali ya usalama njiani.

1. Fika Kituku kunapopambazuka. Mitumbwi inarudi mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, wapiga kasia wakiimba. Waelezeni vijana kwamba sambaza si wa mababu: aliletwa toka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Mababu walivua kandokando.

2. Usitoke Kituku mpaka jua lipande na upepo uvume. Hapa naomba tusikilizane. Upande wa Lac Vert (ziwa dogo la kreta) na Bulengo kuna mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hulala mashimoni usiku usio na upepo, na alfajiri ndipo inapoua zaidi. Huioni. Ukikuta majani yamekauka mahali pamoja, au ndege na mijusi waliokufa, pita juu. Usiketi bondeni hata kama umechoka, usijisaidie shimoni. Mtoto na mbwa huanguka kabla ya mtu mzima, pua zao ziko chini.

3. Viatu vya soli nene, maji ya kutosha. Lac Vert itazame toka juu.

4. Bulengo, salimia wazee kabla ya kutoa simu ya kupiga picha. Nunua sambaza za kukaanga kwa mama aliyezipika. Usivutane naye bei kwa franka mia.

Maswali ya wanaotaka kuja

Mama wa Himbi: Naweza kuja na mtoto wa miaka mitatu?
Jibu: Mama, awe mgongoni njia yote. Akitaka kutembea, pandeni moto, yaani pikipiki ya abiria, mtukute Bulengo.

Kijana wa Ndosho: Mwenzetu akianguka shimoni, tufanye nini?
Jibu: Usishuke, mdogo wangu. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu. Pigeni kelele, mvuteni kwa kamba mkiwa juu. Kila kundi libebe kamba.

Mzee wa Katindo: Magoti yangu hayatarudi kwa miguu.
Jibu: Mzee, panda hadi barabara ya Sake, moto zipo. Toka mapema, jioni upepo hutulia.