SOMO: Kusafisha vioo vya madirisha kwa kujiajiri Dar, mpaka kipato kitulie

Swali la "hii kazi ya vioo inalipa?" limeulizwa humu jukwaani mpaka limechakaa, na majibu yametawanyika kila mahali. Naweka yote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye mada hii, basi.

Kwanza elewa hili: pesa ya kazi hii haiko kwenye jumba la Masaki linalokuita mara moja kwa mwaka kabla ya sikukuu. Iko kwenye kurudi. Mteja wa elfu 30 anayekuona kila baada ya wiki 4 anakupa 390,000 kwa mwaka, na kumtafuta ulimtafuta mara moja tu. Bei zote humu ni za mfano, weka za mtaa wako.

HATUA 1: Vifaa. Ndoo ya mstatili, skwiji (kifaa chenye mpira cha kuvutia maji kwenye kioo) ya sentimita 35 na mpira wa akiba, kipakaza maji cha manyoya cha upana huohuo, vitambaa vya maikrofaiba vinane hivi, brashi ya rangi ya inchi 1, wembe wa kukwangulia wenye mpini, ngazi ya A. Usinunue skwiji ya plastiki ya kuoshea gari, mpira wake ni mgumu na haubadilishiki.

HATUA 2: Sabuni. Ya maji, ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10. Povu jingi si usafi, ni mabaki yatakayovuta vumbi kesho.

HATUA 3: Kavu kabla ya mbichi. Nyavu za mbu zitoke zioshwe pembeni. Reli za aluminiamu zipigwe brashi zikiwa kavu, vumbi lifagiliwe lote. Ukimwaga maji kwenye reli yenye vumbi la miezi sita umetengeneza tope, nalo litashuka kwenye ukuta mweupe wa mteja. Ukishamaliza vumbi, tafuta vitundu vya kutolea maji chini ya reli ya nje, vizibue kwa waya mwembamba. Vikiziba, masika maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia sebuleni. Mteja aliyehangaika na hilo miaka miwili halafu wewe ukalimaliza kwa dakika tano hatakuacha.

HATUA 4: Kuosha. Paka maji, sugua, futa ukanda wa sentimita 2 juu ya kioo kwa kitambaa kikavu ili mpira uanzie pakavu, kisha vuta kutoka juu kwenda chini. Kila mvuto ulalie ule wa kabla kwa sentimita 5. Futa mpira kila ukimaliza mvuto. Malizia kingo kwa kitambaa kikavu. Usioshe kioo kinachopigwa na jua, sabuni itakauka kabla hujaivuta: asubuhi upande wa magharibi, mchana upande wa mashariki.

Nyumba zilizo karibu na bahari (Msasani, Mbezi Beach, Kigamboni) mwagia maji mengi kabla ya kugusa chochote. Pale juu kuna chumvi na mchanga, na ukianza kusugua pakavu unakwaruza.

HATUA 5: Nyumba mpya, au iliyopakwa rangi juzi. Hapa someni taratibu, maana ndipo watu wanapolipishwa kioo.

Kioo kilichotoka ujenzini kina matone ya rangi, saruji na silikoni. Dawa yake ni wembe, lakini wembe una masharti. Kioo kiwe kimelowa sabuni muda wote. Wembe uwe mpya, sio uliokaa na kutu ndani ya mpini. Sukuma mbele tu, nyanyua, rudi, sukuma tena. Ukiuvuta kurudi nyuma unaburuza chembe zilizonaswa chini yake. Anza na pembe ndogo ya chini na usikilize: mlio laini, endelea, mlio wa kukwaruza kama mchanga, acha papo hapo. Tazama pia pembe za kioo kama kuna muhuri wa kuonyesha kimepikwa kwa moto, ile aina inayovunjika vipande vidogo vidogo. Vioo hivyo vikitengenezwa vibaya hubaki na chembe za kioo zilizogandia usoni kiwandani. Macho hayazioni. Wembe unazing'oa na kuziburuza, kioo kizima kinajaa mistari inayoonekana jua likipiga. Hata uwe fundi wa miaka kumi, hali ni ileile.

Kwa hiyo: piga picha mikwaruzo yote iliyopo kabla hujaanza, jua likiwa linaipiga. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe mfupi kwamba vioo vya aina hiyo vinakwanguliwa kwa hatari yake, subiri ajibu "sawa" kwa maandishi. Kioo chenye tinti ya kubandika hakiguswi kabisa na wembe. Asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae isisogee karibu, inakula fremu za aluminiamu na kuacha madoa meupe yasiyotoka. Saruji ikikaa muda mrefu huula kioo chenyewe, ukiitoa utakuta kivuli chake pale pale. Hicho si kosa lako, mwambie mapema. Na bei ni angalau mara tatu ya nyumba ya kawaida. Akikataa, mwache.

HATUA 6: Bei. Hesabu vipande vya kioo, usihesabu madirisha. Dirisha moja la kusukuma lina vipande viwili, mengine vitatu. Mfano: 1,500 kwa kipande, ndani na nje, pamoja na wavu na reli. Nyumba ya vipande 20 ni 30,000. Luva (madirisha ya vibao vya kioo) hesabu kila kibao peke yake, zinakula muda kuliko zinavyoonekana. Usafishaji wa kwanza toza nusu zaidi, maana unatoa uchafu wa miaka, na umwambie kabisa kwamba bei ya kurudi itashuka.

HATUA 7: Mzunguko wa wateja wa kurudi. Mzoefu peke yake anamaliza nyumba ya vipande 20 kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Nyumba mbili kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni nyumba 40 kwa wiki 4. Kwenye karatasi hiyo ni 1,200,000 kabla ya gharama. Panga maisha yako kwa nyumba 30, kwa sababu wapo watakaosafiri, watakaoahirisha na watakaofiwa.

Mzunguko unajengwa kwa mtaa, haujengwi kwa jiji. Asubuhi Tegeta, mchana Tabata: siku imeishia kwenye foleni na faida imeenda kwa bodaboda. Chagua mitaa mitatu inayogusana. Ukipata nyumba moja, siku hiyohiyo gonga mageti matano ya kushoto na matano ya kulia, ukiwa na ndoo mkononi na vioo vya jirani vinang'aa nyuma yako. Msalimie mlinzi vizuri, mwachie namba yako imeandikwa. Huyo ndiye anayeamua kama "wenyewe wapo" au "wenyewe hawapo".

Kabla ya kuondoka kwenye nyumba taja tarehe ya kurudi. Usiseme "mtanipigia", hawapigi. Sema "narudi Jumanne ya tarehe fulani, saa tatu". Jumatatu jioni tuma ujumbe wa kukumbusha. Hapo ndipo kibarua na mwenye biashara wanapoachana.

Ongeza maduka yenye vioo mbele: saluni, famasi, maduka ya simu. Elfu 3 hadi 5, nje tu, kila wiki siku ileile kabla hawajafungua. Moja halina maana, kumi na mawili yaliyopangana barabara moja ni asubuhi nzima yenye pesa ya uhakika.

HATUA 8: Malipo na karatasi. Lipa Namba (ya kupokelea malipo kwa simu) siku ya kwanza. TIN (namba ya mlipakodi) haiuzwi, TRA, yaani mamlaka ya mapato, wanatoa bure. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya makadirio. Ukizidi hapo unaingia kwenye madaraja, na mwenye kumbukumbu za mauzo hakadiriwi sawa na asiye nazo. Kwa hiyo daftari. Ofisi ikikukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, dai cheti cha zuio, bila hicho pesa yako imepotea. Tena ofisi nyingi hulipa baada ya mwezi au zaidi, zisizidi theluthi ya kipato chako.

Maswali yaanze.

---

Kijana_Mbagala: Mkuu mtaji sh ngapi?

Mleta mada: Hatua 1 ina vifaa vyote. Nenda navyo Kariakoo uulize bei, ya leo siyo ya mwezi ujao.

Kijana_Mbagala: Sasa si ungeandika tu jumla

Mleta mada: Na ngazi au bila ngazi? Mpya au ya mtumba? Unaona sasa.

Binti Pangani: Asante kwa somo. Mpira wangu unarukaruka na kupiga kelele nikivuta, unaacha vijistari vya ulalo. Nimebadilisha sabuni mara mbili, bado.

Mleta mada: Dada, sabuni haina kosa. Vijistari vya ulalo na kelele maana yake mpira umekwama kwenye kioo: ama maji ni machache, ama umeisimamisha skwiji mno. Ilaze kidogo, mpini ukaribie kioo, na upunguze nguvu ya mkono. Kukiwa na mstari mmoja mrefu wima unaojirudia palepale, huo ni mpira wenye pengo. Utoe uugeuze, una kingo mbili. Ukirudisha, uache uchungulie milimita 2 au 3 kila upande wa chuma. Ukiwa sawasawa na chuma, chuma kitachora fremu, na pembeni kutabaki maji.

Binti Pangani: Umechungulia upande mmoja tu! Nimeona sasa. Na maji ya kisima cha hapa kwetu ni ya chumvi, yakikauka ni meupe tupu.

Mleta mada: Ukivuta vizuri hakibaki kitu cha kukauka, kwa hiyo hata maji ya chumvi yanaoshea. Ila suuza ya mwisho na kingo beba ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua. Madoa meupe ya zamani, yale ya bomba la bustani kumwagia kioo kila jioni, yatoe kwa asidi ya sitriki ya unga, gramu 30 kwa lita 1 ya maji. Paka, acha dakika 2 au 3 bila kukauka, sugua, suuza sana. Isidondokee kizingiti cha marumaru wala terazo, itakitia ukungu. Na usiichanganye na jiki hata kwa bahati mbaya, inatoa gesi ya klorini.

Mzee wa Segerea: Hii si kazi ya kumuambia mtu aliyesoma. Vijana wa mtaani wanaosha nyumba nzima kwa elfu 10 na gari juu.

Mleta mada: Waache waoshe, mzee wangu. Mwenye nyumba wa elfu 10 ana kijana mpya kila mwezi na reli zimejaa tope. Sijamwambia mtu aache kazi yake. Mada ni kwa anayetaka kuifanya.

Dalali_Goba: Ghorofa sita Kariakoo wanataka mtu kesho. Kamba ninayo. Natoza ngapi?

Mleta mada: Hutozi, hupandi. Kazi ya kuning'inia inataka mafunzo, kamba mbili zilizofungwa sehemu mbili tofauti na mtu wa uokoaji. Kamba ya kufungia mizigo haimo humo.

Dalali_Goba: Mbona wapo wanaofanya

Mleta mada: Nimeshajibu.

Fatuma_Nyali: Habari za huko, mimi niko Mombasa. Kwa ghorofa mbili mnafanyaje bila kupanda? Nimeona nguzo ndefu zenye brashi na maji.

Mleta mada: Nzuri, dada. Nguzo zile zinaacha maji yakauke yenyewe, kwa hiyo maji lazima yawe yametolewa madini yote, TDS (kipimo cha madini yaliyoyeyuka kwenye maji) iwe sifuri au karibu na hapo. Kwa maji yetu ya pwani rezini (chembe zinazonasa madini ya maji) peke yake itakufilisi, inaisha haraka. Unahitaji mashine ya kuchuja maji kwa msukumo (RO) kwanza, rezini imalizie. Anza na kipimo cha TDS, ni kidogo kama kalamu, pima maji yako ndipo upige hesabu. Kabla ya hapo tumia ngazi: kila mita 4 za juu, mguu mita 1 kutoka ukutani, mtu ameshika chini. Ngazi ya aluminiamu usiisimamishe karibu na nyaya za umeme.

Fatuma_Nyali: Nitapima wiki hii. Wateja wangu wawili wana paneli za sola, wanauliza kama naosha.

Mleta mada: Osha, hiyo ni nyongeza nzuri. Alfajiri tu, paneli ikiwa ya baridi. Maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Brashi laini na maji, bila sabuni, bila wembe. Usikanyage paneli wala usilalie juu yake, seli za ndani zinapasuka bila wewe kuona. Ukikuta waya umechubuka usiguse, mwite fundi.

Juma wa Temeke: Masika wateja wangu wote wanasema "mvua itachafua tena". Mnaishije miezi hiyo?

Mleta mada: Kaka, mvua ikianguka kwenye kioo safi inateleza, inayochafua ni vumbi lililokuwepo. Lakini usibishane na mteja. Mwambie Machi hadi Mei unafanya ndani, nyavu na vitundu vya reli kwa theluthi mbili ya bei, tarehe zake zikiwa zilezile. Unalinda zile tarehe zaidi ya unavyolinda pesa, akiruka mara mbili keshakusahau. Miezi ya vumbi, Juni mpaka Oktoba, rudisha bei kamili. Kabla ya Idi na Krismasi usipokee wateja wapya mpaka wateja wa mzunguko wamekwisha.

Kijana_Mbagala: Wembe nanunua wa kinyozi au?

Mleta mada: Hapana, huo unapinda na utakukata. Dukani kwa mafundi rangi ulizia wa kukwangulia, wa sentimita 10, na visu vyake vya akiba. Umeuliza vizuri safari hii.