Kutoka Malindi mpaka baridi ya Aberdare: kulala hemani na kupita njia za msitu na pikapu

Sisi wa Malindi kipupwe kikiingia mwezi wa saba tunatoa masweta, na usiku bado ni digrii 22 hivi. Sasa piga hesabu. Ukipanda mlima joto hushuka kama digrii 6 na nusu kila mita 1,000, na ule uwanda wa nyasi juu ya Aberdare, ile mbuga ya milimani katikati ya Kenya, uko mita 3,000 na zaidi, kwa hivo toa karibu 20 kwenye hio 22 yetu utaona umebaki na nini. Na kama mbingu ziko wazi hakuna wingu inashuka zaidi, alfajiri unakuta nyasi nyeupe na hema limekakamaa kama karatasi kwa barafu. Nimeshaenda mara kadhaa na pikapu yangu, ntawaeleza yale ningependa mtu angenambia mimi kabla sijaenda.

Mara ya kwanza nlibeba mkeka na mablanketi matatu mazito, nkatandika mkeka, nkajifunika yote matatu. Saa saba usiku nikaamka juu nna joto lakini mgongo na kiuno kama nimelalia friza, nkageuka ubavu, ubavu nao ukaganda, mwisho nikaenda kukaa kwenye gari mpaka kukacha. Kumbe baridi ile haikua inatoka juu, ilikua inatoka chini. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na blanketi ukililalia linabanwa na uzito wako, ile hewa iliyoko ndani yake ndo inayokuhifadhi joto na sasa haipo tena. Kwa hivo kama una mablanketi matatu usijifunike yote, mawili yende chini, na kabla ya hayo weka sponji. Godoro la sponji la inchi mbili tatu linatosha, na kama nyumbani kwa bibi kuna godoro la sufi la zamani, ile ya mti wa msufi, chukua hilo, sufi ni kitu kizuri sana kwa baridi mradi lisilowe. Godoro la kujaza upepo sikushauri peke yake, ile hewa ndani inazunguka na kupoa na wewe uko juu yake, kama ndo ulilonalo basi tandika blanketi juu yake.

Slipingi begi, ule mfuko wa kulalia, usinunue mpya kama huna pesa, kwenye mitumba Kongowea ama Gikomba zinapatikana nzuri tu, lakini soma lebo. Huwa zina namba mbili, moja ni joto ambalo utalala raha na nyingine ni mwisho wa kuvumilia, wewe angalia ile ya raha, na mtu wa pwani ongeza tahadhari manake mwili wetu haujazoea. Itingishe kabla ya kulala ijae hewa, na ukifika nyumbani usiiweke imekunjwa kwenye mfuko wake mwaka mzima, itundike.

Kitu cha pili baada ya ardhi ni unyevu, na hapa ndo wengi wanapotea. Nguo ya pamba ikishika jasho ama umande haikauki kule juu, inakaa na maji inakuganda nayo mwilini. Kikoi, fulana, jinzi, vyote ni pamba. Mchana ukipanda ukichimba ukivuta gari unatoka jasho, basi jua likianza kushuka vua kila kitu mpaka soksi uvae nguo kavu ulizoziweka kando kwa ajili ya kulala tu, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, hizo hazivaliwi mchana hata iweje. Sweta la sufu hata likilowa kidogo bado lina joto, flisi nayo inakauka haraka. Kofia ya sufu usingizini ni lazima. Soksi moja nene ni bora kuliko mbili zinazobana, mguu ukibanwa damu haipiti na unapoa zaidi.

Unyevu mwingine unatoka kwako mwenyewe. Watu wawili wakipumua hemani usiku kucha asubuhi kuta zinadondosha maji, na mtu akiona baridi anafunga kila tundu, basi anajimwagia mwenyewe. Acha upenyo juu wazi kidogo hata kama unaona uchungu, na kile kifuniko cha juu kisigusane na hema la ndani, kivute na kamba kikaze. Na usichague bonde. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kutuama pale chini, pia karibu na mto ndo ukungu unapolala. Tafuta pahala palipoinuka kidogo lakini pasiwe kileleni kwenye upepo, na mlango wa hema uupe upepo mgongo.

Sasa seredani. Hili nalisema kwa uzito wangu wote manake nusura litutoe roho. Safari ya pili tulikua watatu, binamu yangu akaona makaa yameshakua mekundu hayana moshi, akaingiza seredani hemani tupate joto, mimi nshalala. Usiku alitoka kwenda haja akaanguka pale mlangoni, ule mshindo ndo ulotuamsha, wote vichwa vinapasuka na miguu haishiki. Tulitambaa nje tukakaa kwenye ile baridi mpaka akili zikarudi. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, na makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa vile vile, hata yakiwa yanafifia. Kuacha dirisha wazi hakutoshi. Na kule juu kuna hatari nyingine, urefu wa mlima wenyewe unaleta kichwa kuuma na kichefuchefu, sawasawa na ile gesi, kwa hivo hutajua ni lipi linakuuma mpaka umechelewa. Seredani, jiko la gesi, taa ya mafuta, hakuna kinachowaka kinachoingia ndani ya hema. Hata kwenye gari lililofungwa usilale na injini ikinguruma.

Ukitaka joto, chemsha maji utie kwenye chupa ngumu isiyovuja, uifunge sawasawa, uivishe soksi uiweke miguuni ama baina ya mapaja kwenye slipingi begi. Inakaa na joto masaa mengi. Kula kitu cha mafuta na sukari kabla ya kulala, halwa, tende, simsimu, karanga, mwili unapata kuni za usiku, na chai ya tangawizi lakini si lita nzima. Na ukibanwa na haja ndogo saa tisa usiku usijizuie ukisema utangoja asubuhi, hutalala tena. Angaza tochi pande zote kabla hujatoka, sikiliza, ndo utoke hatua mbili tatu tu, nyati wanakuja malishoni kwenye nyasi fupi zilizozunguka kambi. Chakula na viatu weka ndani ya gari, fisi hula ngozi.

Wenzangu wa kuswali, maji ya udhu ya alfajiri yachemshe usiku uyatie kwenye chupa ya chai, ukiyapata vuguvugu saa kumi na moja utajiombea dua mwenyewe.

Kupika ni pole pole. Mita 3,000 maji yanachemka kwenye digrii 90 hivi badala ya 100, kwa hivo maharagwe utayangoja mpaka ukate tamaa, yapike nyumbani kabisa ama beba presha kuka. Vile vimikebe vidogo vya gesi ya biuteni vinalala kukikaribia sufuri, mtungi wa kawaida wa kilo 6 unavumilia zaidi manake ndani mna propeni pia.

Tuje kwa gari. Kabla hujapanda huko fanyia mazoezi hapa hapa nyumbani, tuna Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 na njia za mchanga na udongo mwekundu za kila aina. Lipa, uliza askari wa msitu pale Gede njia gani zimefunguliwa, alafu zunguka. Ile sehemu ya miti ya mirihi ni mchanga mweupe, hapo utajifunza kupunguza upepo wa tairi. Kama barabarani unatembea na upepo wa PSI 35, mchangani shuka mpaka 20 hivi, tairi linapanuka linaelea badala ya kuchimba, na uwe na pampu ya kurudishia upepo kabla ya kurudi lami. Ule upande wa ndani wa Jilore udongo ni mwekundu, ukinyeshewa unateleza kama sabuni, na huo ndo utakaoukuta Aberdare. Hema nalo lifunge na ulifungue uwani kwako mpaka uweze gizani bila tochi, kule vidole vitakua vimekufa ganzi.

Gari lenyewe, sitasema ni lazima Land Cruiser, dabo kebini yeyote yenye foo (magurudumu yote manne yanavuta) na gia ya lo (ya nguvu, mwendo mdogo) na tairi zenye meno inafika, lakini saluni usijaribu, na tairi za lami zilizolika zitakuangusha mteremko wa kwanza. Betri ipimwe kabla ya safari, baridi inapunguza nguvu yake na ile iliyokua inasukumana hapa Malindi kule haiwashi. Kama ni dizeli ya zamani, ile taa ya hita kwenye dashibodi tumezoea kuipuuza huku, kule ingoja izime ndo upige stata, ikibidi rudia mara mbili. Rejeta watu wengi wa pwani tunatia maji ya mfereji, mwaga, tia kulanti. Beba sepetu, panga, jeki na ubao mpana wa kuiwekea chini manake kwenye tope jeki inazama, kamba ya kuvutia gari, na mafuta ya akiba kwenye jerikeni iliyofungwa nje. Foo lo inakunywa mafuta vibaya sana, jaza tangi mji wa mwisho, Naivasha ama Nyeri.

Msimu: Januari na Februari kuko kukavu, njia ngumu, usiku barafu. Juni mpaka Agosti ni ukungu na manyunyu, si mvua kubwa lakini unalowa hivo hivo. Machi mpaka Mei sahau, kuna njia zinafungwa kabisa.

Safari usiifanye siku moja. Sisi tunatoka usawa wa bahari, ukitoka Malindi alfajiri ukalala mita 3,000 usiku huo huo kichwa kitakuuma na chakula hakitapita. Lala Nyeri ama Naivasha kwanza, ni kama mita 1,800 hivi, mwili uzoee. Mwenzako akizidiwa juu, anatapika, anayumba, anapumua kwa shida amekaa tu, usingoje asubuhi wala usimpe panadoli ukalala, mteremshe. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, fanya mjini ukiwa na netiwaki, getini hawapokei pesa mkononi. Ramani pia ipakue kabla.

Ukitokea Naivasha unapanda kwa Ndunyu Njeru mpaka geti la Mutubio, ukitokea Nyeri kuna Ruhuruini na Kiandongoro. Waulize maaskari getini njia iko vipi leo, wao ndo wanajua mti gani umeanguka wapi, na waambie utalala kambi gani na utatoka lini na kwa geti gani. Sisi huwa tunalala Reedbuck, iko pale juu kwenye nyasi.

Ukishaingia kwenye mianzi weka foo mapema, usingoje ukwame ndo ukumbuke. Kuteremka utelezi tumia lo na gia ya kwanza, toa mguu kwenye breki kabisa uache injini ishike, ukikanyaga breki magurudumu yanafunga na gari linakua mtumbwi. Likianza kukwenda ubavu geuza usukani kule linakoelekea, gusa mafuta kidogo lijinyooshe. Dimbwi usilolijua simama, zima redio, angalia kama kuna mnyama, mmoja abaki akilinda na mwengine apime kwa fimbo. Ukikwama acha kukanyaga mafuta, kila mzunguko unachimba kaburi, shuka, toa upepo, fukua nyuma ya tairi zote nne, tia matawi makavu, rudi nyuma kwa njia uliyokuja nayo. Mara nyingi kurudi nyuma ndo kunakotoa. Magari mawili ni bora zaidi ya moja, na mwendo hesabu kilomita 10 mpaka 15 kwa saa, ukiona ramani inasema kilomita 30 usidhani ni dakika ishirini. Panga uwe umeshasimamisha hema saa kumi jioni.

Ndovu akiwa njiani simama mbali, usipige honi, usimulike taa. Ngoja. Akija na masikio wazi rudi nyuma taratibu, kwa hivo siku zote ukisimama hakikisha nyuma yako pana nafasi.

Asubuhi ya kuondoka hema litakua limelowa tu, huna la kufanya, likunje hivo hivo ulitie nyuma. Lakini ukifika Malindi usilale kabla hujalitoa. Joto letu na unyevu wetu linaota ukungu mweusi kwa siku mbili na harufu haitoki tena. Lianike darini juani, vigingi vioshe tope, slipingi begi igeuze nje ndani, upepo wa tairi urudishe, na uvungu wa gari uoshe ule udongo mwekundu kabla haujakauka ukawa saruji.