Somo: Kutoa grisi na kurudisha oili kwenye swiveli za Land Rover

Wakuu, swali la kama swiveli za mbele ziwekwe grisi au oili limejirudia sana kikundini, kwa hiyo nalimalizia hapa. Nazungumzia Defender na Discovery ya kwanza. Ekseli ya mbele ina boli kubwa la kromu (tufe la chuma, si la kukazia) kila upande, na ndani ya hausingi inayolizunguka, yaani swiveli, ndimo inamokaa jointi ya CV, ile inayozungusha tairi hata likiwa limekata kona. Zamani sehemu hiyo ilijazwa gia oili, EP90, ileile ya difu (gia za katikati ya ekseli). Katikati ya miaka ya 1990 Land Rover wakahamia grisi laini ya pakiti, namba STC3435. Unaiminya yote ndani, unafunga, umemaliza. Hausingi nyingi zilizofuata hazina hata plagi ya kumwagia.

Mimi nimerudi kwenye oili kwa sababu grisi inaficha na oili inaumbua. Gari yangu iliwahi kuvuka mto ikiwa na sili (mpira wa kuzuia kuvuja) iliyochoka. Maji yakaingia, nje hakikuonekana kitu. Nilipokuja kufungua nikakuta uji wa kijivu chini, na pini ya juu, ambayo swiveli inazungukia ukikata kona, kavu, ina kutu ya rangi ya tofali. Jointi ikishaisukuma grisi pembeni, inaganda ukutani na kukaa hukohuko. Oili inarushwa juu kila tairi linapozunguka, inateremka, inarushwa tena.

Kabla hujanunua oili, kagua kromu. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kata stelingi mpaka mwisho upande mmoja, futa boli kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka juu hadi chini. Rudia baada ya kukata upande wa pili. Chunguza hasa pale sili inapokaa tairi zikiwa zimenyooka, maana matope hukaukia hapo na kromu huanza kuchubuka hapo. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo, endelea. Ukikwama kwenye vishimo, acha: oili itapita na kumwagika kwenye tairi. Wapo wanaoziba vishimo kwa gundi ya epoksi na kupiga msasa laini. Inasaidia kwa muda, lakini dawa ni boli jipya.

Kromu ikiwa nzima, zungusha gari kama nusu saa ili grisi ipate joto na kulegea. Egesha pa tambarare, weka mawe kwenye tairi za nyuma. Fungua plagi ya kujazia KWANZA. Ukianza na ya kumwagia, halafu ya juu ikagoma, gari imelala hapo. Ya juu ikifunguka, fungua ya chini, weka karai na uache usiku kucha. Usiwe na haraka, grisi hii inatoka kama asali ya baridi.

Kama huna plagi ya chini, inyonye kwa bomba la sindano kubwa lenye mpira. Inachosha. Kama beringi za hab (kitovu cha tairi) zinakaribia kubadilishwa, subiri ufanye vyote pamoja, maana ukishatoa hab na stabu ekseli, ile shina ambayo hab inazungukia, utafuta grisi yote kwa mkono.

Mafundi wengi watakuambia upige dizeli ndani ili kuosha. Mimi sipigi. Dizeli inabaki kwenye mifereji ya jointi na kuifanya oili mpya kuwa nyepesi. Natumia EP90 yenyewe: najaza, natembea siku tatu nne, namwaga ikiwa bado ya moto, najaza tena. Ya kwanza hutoka nyeusi tii kwa sababu ya molibdenamu, unga mweusi wa kulainisha ulio kwenye grisi. Usishtuke.

Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la usawa, lile la kuonyesha oili imefika kiasi. Defender inachukua kama theluthi ya lita kila upande. Kama huna tundu la usawa, pima kiasi hicho kwenye chupa. Baada ya hapo angalia kila unapobadilisha oili ya injini, na siku yoyote uliyovuka maji ya kufika hab.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Nina Land Cruiser mkonga. Na mimi niweke oili?
Hapana, kaka. Toyota ni grisi ya molibdenamu tu. Zile sili za nyuma ya boli zimetengenezwa kufuta uchafu, haziwezi kushika oili. Ukiona supu nyeusi inatoka hapo, ujue sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu inakuja kuchanganyika na grisi.

Nimebadilisha jana, leo kromu ina unyevu. Nirudishe grisi?
Utando mwembamba wa oili juu ya kromu ni mzuri, unazuia kutu. Lakini ukikuta tone linaning'inia asubuhi, au ukuta wa ndani wa tairi umelowa, badilisha sili haraka kabla oili haijafika kwenye breki. Na usikubali fundi aikate sili ili aipachike bila kushusha boli. Itavuja palepale alipokata.

Nimefungua plagi ya usawa, oili ikamwagika nyingi kuliko niliyoweka.
Hiyo inatoka kwenye difu, sili ya shafti imechoka. Angalia pia bomba la kupumulia la ekseli, likizibwa na matope presha husukuma oili nje. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, basi ni maji.

Tangu niweke oili, nikikata kona nasikia tek-tek. Oili imeharibu jointi?
Dada, jointi ilikuwa imekwisha zamani, grisi ilikuwa inaiziba mdomo. Andaa hela ya jointi.

Fundi wangu anasema akifunga boli jipya atakaza pini kwa kukadiria.
Mwambie atafute mzani wa ndoano, kama wa kupimia nyama. Anavuta mkono wa stelingi, anasoma uzito, analinganisha na kitabu cha gari, kisha anaongeza au kupunguza shimu (vibati vyembamba) chini ya pini ya juu. Ikilegea, stelingi itatetemeka barabarani. Ikikaza mno, stelingi haitarudi yenyewe baada ya kona.