Gari la mbao la mzinga wa maonyesho: tengeneza hatua kwa hatua

Wengi hukimbilia magurudumu kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayopendeza macho. Mimi naanzia kwenye masikio ya mzinga, vile vipande viwili vya mviringo vinavyochomoza ubavuni mwa mtutu. Uzito karibu wote hukaa hapo, na vipimo vya gari zima hutokana na hapo. Mfano wangu ni mtutu wa sentimita 60 wenye masikio ya kipenyo cha sentimita 4. Ni mzinga wa pambo tu. Gari hili si la mzinga wa kulipuliwa. Mtindo ni wa merikebu za vita za karne ya 18: mbao mbili za ubavuni zenye ngazi, ekseli mbili na magurudumu manne madogo.

1. Pima mtutu. Chukua upana wake kwenye masikio na kitakoni. Mtutu hunenepa kuelekea nyuma, kwa hiyo mbao za ubavuni zitaachana zaidi nyuma kuliko mbele. Kisha uulaze juu ya bomba na kutafuta pale unapotulia bila kuinama. Masikio yawe mbele kidogo ya hapo, ili kitako kizidi uzito na kulalia kabari iliyowekwa chini yake. Mdomo ukiwa ndio mzito, hakuna kabari itakayokusaidia.

2. Chagua mbao. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni nyepesi: unene wa ubao wa ubavuni ulingane na kipenyo cha tundu la mtutu, na masikio yafuate kipimo hichohicho. Kwetu hapa ni sentimita 4. Ubao uwe mgumu na mkavu. Waingereza walipenda mti wa kwao uitwao elm kwa sababu nyuzi zake zimefumana, haupasuki ovyo. Kata mbao mbili za sentimita 38 kwa 20. Urefu wa kwenda juu umezidi kwa makusudi.

3. Vikalio vya masikio, yaani mikato ya nusu duara ambamo masikio hulala. Hapa usiwe na haraka. Chora umbo la ubavu kwenye kadibodi, likate, ulijaribishe kando ya mtutu, ndipo ulihamishie kwenye ubao. Mstari wa juu uwe sentimita 3 chini ya ukingo. Bana mbao zote mbili pamoja kwa vibano, kingo zikilingana, na utoboe tundu la milimita 40 kupitia zote kwa mkupuo mmoja, kitovu chake kikiwa juu ya mstari wenyewe. Sasa pasua kwa msumeno milimita moja juu ya mstari, umalizie kwa randa. Tundu litabaki nusu duara safi kila upande, na vikalio viwili vitalingana. Ukitoboa kila ubao peke yake, mzinga utakaa upande.

Zikiwa bado zimebanwa, kata ngazi za nyuma. Si urembo: mabaharia walizitumia kuegemezea mitaimbo walipoinua kitako.

4. Unganisha. Weka kipande cha mti kati ya mbao, mbele, chini ya mtutu, na upitishe bolti kutoka nje hadi nje. Skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha ubao haishiki kwa muda mrefu. Kwa kuwa mbao zimeachana nyuma, vikalio navyo vimepinda kidogo. Visawazishe kwa tupa ya mviringo hadi masikio yalale bila kucheza.

5. Ekseli na magurudumu. Ekseli ibaki mraba katikati, ncha tu ndizo zichongwe ziwe duara. Zichonge kwanza ziwe na pembe nane, kisha umalizie kwa tupa na msasa. Kila gurudumu litoke kwenye mbao mbili nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi zikikatana. Ubao mmoja mzima husinyaa upande mmoja na gurudumu huwa yai. Ya mbele yawe sentimita 12, ya nyuma 10. Tofauti hiyo ni ya asili: sitaha ya merikebu iliteremka kuelekea ubavuni, na magurudumu makubwa ya mbele yalirudisha usawa. Kwenye sakafu tambarare gari litainama nyuma kidogo, usipopenda, yalinganishe. Tundu la gurudumu lizidi ncha ya ekseli kwa milimita moja. Weka washa (pete bapa ya chuma), kisha pini, na upake nta badala ya mafuta ya mashine, ambayo hukusanya vumbi.

Weka gari juu ya meza iliyonyooka. Gurudumu moja likining'inia, punguza pale ekseli inapokutana na ubao, usiguse gurudumu.

6. Kabari na vifuniko. Kabari ikae juu ya ubao mdogo ulioegemea ekseli ya nyuma. Vifuniko vya masikio ni bamba la chuma lililokunjwa juu ya bomba la kipenyo kilekile; acha nafasi ya unene wa karatasi, masikio yazunguke.

7. Kumalizia. Piga msasa, kisha mafuta ya kitani au rangi. Usipake rangi ndani ya vikalio wala kwenye ncha za ekseli, itanata. Mtutu upandishwe mwisho kabisa, na watu wawili, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa vipande vya mbao.