Namna ya Kutafuta Mashimo Meusi Yaliyofichika kwa Ramani za Eksirei

Gesi inayomezwa na shimo jeusi kubwa mno katikati ya galaksi hupata joto na kung'aa sana, lakini mara nyingi gesi na vumbi vilivyolizunguka shimo hilo huzuia mwanga unaoonekana usitufikie. Eksirei zenye nishati ya kutosha hupenya pazia hilo, na ndiyo maana utafutaji huanza nazo. Jambo moja huwachanganya wengi: vumbi ndilo linalozima mwanga wa kawaida, ilhali kinachonyonya eksirei hasa ni gesi. Kwa hiyo unene wa pazia hupimwa kwa kuhesabu atomi za hidrojeni zilizo katika kila sentimita ya mraba ya njia ya kutufikia. Zikizidi 10²², kiini cha galaksi, yaani shimo pamoja na gesi inayong'aa kulizunguka, huhesabiwa kuwa kimefichika. Zikipita takriban 1.5 × 10²⁴, hata eksirei za kiloelektronivolti 10 (kipimo cha nishati ya kila fotoni, yaani chembe ya mwanga) hupungua mno kabla ya kutoka.

Chagua kwanza ramani inayolingana na swali lako, kwa kuwa kina na upana haviendi pamoja. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa angani mwaka 1999, ilitazama kipande kimoja cha anga ya kusini kwa jumla ya sekunde milioni 7, yaani siku 81 hivi, na katika eneo dogo kuliko duara la mwezi mpevu vilipatikana vyanzo 1,008. Chombo cha BAT kilicho katika setilaiti ya Swift hupima anga yote kati ya kiloelektronivolti 14 na 195, ambako pazia huzuia kidogo, lakini huona zaidi vyanzo vilivyo karibu nasi. Darubini ya NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, hupima kati ya kiloelektronivolti 3 na 79. Kwa anayeanza, ningependekeza ramani ya Chandra ya kipande cha anga kiitwacho COSMOS, yenye vyanzo 4,016 katika takriban nyuzi za mraba 2.2, kwa sababu eneo hilo limepigwa picha pia kwa mawimbi mengine mengi, na bila picha hizo kazi haiendi mbali.

Kisha tafuta galaksi inayomiliki kila chanzo. Tumia picha za infraredi, maana galaksi unazozitafuta huweza kuwa hafifu sana katika mwanga unaoonekana, na pima uwezekano wa kila jirani badala ya kuchukua tu aliye karibu zaidi. Ukishaijua galaksi, pata mhamo mwekundu wake, yaani kiasi ambacho mawimbi yamerefuka kwa kupanuka kwa ulimwengu. Chanzo chenye mng'ao wa eksirei unaozidi ergi (kipimo cha nishati) 10⁴² kwa sekunde kwa kawaida ni shimo linalomeza gesi. Chini ya hapo, nyota zenyewe huweza kukudanganya.

Kipimo cha haraka cha pazia ni uwiano wa ukali: toa idadi ya fotoni laini (zenye nishati ndogo) kutoka kwa ile ya fotoni kali (zenye nishati kubwa), kisha gawanya kwa jumla ya zote. Pazia hula fotoni laini kwanza, hivyo uwiano hupanda. Usiuamini peke yake. Katika mhamo mwekundu wa 3, fotoni unayoipokea ikiwa na kiloelektronivolti 2 ilitoka ikiwa na 8, kwa hiyo pazia zito huonekana jepesi. Lililo baya zaidi ni kwamba pazia likiwa zito kupita kiasi, mwanga wa moja kwa moja huzimika, na unaobaki ni ule mchache uliotawanywa pembeni, ambao huweza kuwa laini kana kwamba hakuna pazia lolote.

Hapo ndipo spektra, yaani mchanganuo wa eksirei kwa kila nishati, inapohitajika. Tafuta mstari wa mng'ao wa atomi za chuma kwenye kiloelektronivolti 6.4 na uvimbe wa mwanga ulioakisiwa karibu na 20 hadi 30, ukikumbuka kugawa namba hizo kwa moja jumlisha mhamo mwekundu. Fotoni zikiwa chache, tumia takwimu ya Cash, inayofuata hesabu ya Poisson, yaani ile ya matukio machache yanayohesabiwa moja moja. Kuzikusanya kwa makundi ili utumie khi-mraba, kipimo cha kawaida kinachohitaji fotoni nyingi katika kila kundi, huharibu taarifa ndogo uliyo nayo.

Linganisha pia na infraredi ya kati. Vumbi lililopashwa joto na mwanga wa kiini hurudisha nishati liliyoimeza kama infraredi, hivyo kiini kinachong'aa huko lakini kikawa hafifu mno katika eksirei ni mshukiwa mzuri, mradi uwe umeondoa joto la vumbi linalotokana na nyota changa.

Galaksi zisizoonekana kabisa katika eksirei usizitupe. Kata picha ndogo ya eksirei mahali pa kila moja, zipange moja juu ya nyingine na kuzijumlisha, baada ya kuondoa vyanzo vinavyojulikana. Halafu rudia kazi hiyo hiyo katika sehemu za anga zilizochaguliwa kwa nasibu, ili ujue kama ziada uliyoipata inazidi ile inayoletwa na bahati tu.