SOMO: Borrego Palm Canyon kwa miguu (anayeuliza tena nitamtupia kiungo hiki)

Mwezi huu nimeulizwa mara sita. Naandika mara moja.

1. Bonde liko Anza-Borrego, hifadhi ya jimbo la California. Hadi kwenye miti ya jamii ya mitende na kurudi ni kama kilomita 5.

2. Nenda Novemba hadi Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40.

3. Anza asubuhi na mapema, lita 3 za maji kila mtu. Kijito ni cha kutazama, si cha kunywa.

4. Mbwa haruhusiwi njiani.

5. Cholla. Hapa ndipo nilipoumbuka. Ni aina ya dungusi. Kwa mbali utadhani ina manyoya ya dhahabu, ukisogea ni miiba mitupu, na vipande vyake hubanduka kwa kuguswa tu. Nilimwona kondoo wa porini juu ya mwamba, nikarudi kinyumenyume nimpate vizuri kwenye simu. Kipande kikaninasa shavu la mguu. Nikakivuta. Kikahamia mkononi, nusu ya miiba imebaki mguuni. Kila mwiba una vijindoana vinavyoelekea nyuma: kuingia ni rahisi, ukiuvuta unaiinua ngozi pamoja nao. Kwa hiyo USISHIKE kwa mkono, na USIKISUKUME kwa mguu wa pili. Penyeza kitana kigumu kati ya kipande na ngozi, kirushe mbali na wenzako. Miiba iliyosalia itoe kwa kibano.

6. Magogo utakayoyaona yamelala huku chini yaliletwa na mafuriko ya 2004. Mawingu yakitanda milimani, geuza.

Kibuyu: Mkuu, Julai vipi?
— Hatua ya 2.

Kibuyu: Mi joto nimelizoea lakini.
— Wewe umelizoea, maji yako je? Soma tena.

Bi_Nyota: Kaka, nimeona picha, mashina meusi kama mkaa lakini juu majani mabichi. Imekuwaje?
— Swali zuri dada. Moto ulipita Januari 2020. Miti mingi ya kawaida hupitisha chakula chake chini tu ya gome, gome likiungua pande zote basi. Jamii ya mitende mishipa yake imetapakaa shina zima, na chipukizi liko kileleni. Kinachowaka zaidi ni ile sketi ya majani makavu. Mingine ilikufa, mingi hutoa majani upya.

Bi_Nyota: Kwa hiyo ni mitende?
— Jamii moja tu. Jani lake limefunguka kama la mvumo. Kitaalamu Washingtonia filifera, ndio mti pekee wa jamii hiyo ulio wa asili California. Tunda ni jeusi, dogo, kokwa limeacha nafasi finyu ya nyama. Coyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, huyala na kusambaza mbegu.

Kibuyu: Kitana lazima? Nina glavu.
— Glavu ya kitambaa? Itashonwa mkononi mwako.

Mzee_Kobe: Ongezea mkasi. Mtoto akilia hatulii, kata miiba kwanza, kipande kidondoke, ndipo ushike kibano.
— Hiyo sikuwa nayo, mzee wangu. Naiingiza hatua ya 5.